Antibayotiki Bila Cheti: Madaktari Wana Hoja, Ila Tundu Wanaloonyesha Silo Kubwa

Chukua chupa moja ya amoksilini ya maji ya watoto, ile ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5. Ukipiga hesabu, ndani yake mna miligramu 2,500 za dawa, basi. Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), anatakiwa apate miligramu 500 asubuhi na 500 jioni kwa siku tano. Hizo ni 5,000, yaani chupa mbili. Aliyetoka dukani na chupa moja amebeba nusu ya matibabu. Sasa weka pembeni yake cheti kilichoandikwa kwa mazoea ya miaka mingi: mililita 5, mara tatu kwa siku, siku tano. Jumla yake mililita 75. Inaenea kwenye chupa moja na kubaki, mzazi anafurahi, na mtoto anapata miligramu 1,875, chini ya asilimia 40 ya anachohitaji. Cheti hicho kina sahihi na muhuri wa kituo, na mkaguzi akikikuta dukani atakiona hakina dosari.

Nimeanza na chupa kwa sababu mjadala wa kuuza antibayotiki bila cheti cha daktari huendeshwa kana kwamba kuna milango miwili tu: cheti ndio mlango wa usalama, kaunta ya duka la dawa ndio mlango wa maangamizi. Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha tamko lake kuhusu usugu wa vimelea, yaani vijidudu kuacha kusikia dawa, mwaka 1996, kikalirekebisha tena 2019, na kinachodaiwa humo kinaeleweka: dawa hizi zipatikane kwa cheti cha mtaalamu mwenye leseni, si vinginevyo, na zitolewe na wataalamu. Sheria za Tanzania na Kenya nazo zinaziweka antibayotiki nyingi kwenye kundi la dawa za cheti. Kwa hiyo kila ripoti ya usugu inapotoka, kidole kinamwelekea yule dada wa duka la dawa anayeulizwa "una ile ya rangi mbili?" na kuitoa.

Madaktari hawazungumzi hewani, na wanaosema wanalinda ugali wao wanawaonea. Kuna utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya 2001 na 2002 na kuchapishwa 2007, ambao kila anayebishana na madaktari kuhusu jambo hili angepaswa kuusoma kwanza. Watoto waliolazwa wakiwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Waliokuwa na malaria walifariki asilimia 20.2. Na moja ya mambo yaliyoashiria kwamba mtoto angefariki ni kupewa dawa ambayo bakteria wake alikuwa tayari sugu kwayo. Mtoto amefika hospitali kubwa kuliko zote nchini, sindano amechomwa kwa wakati, na kilichomo kwenye sindano hakina kazi. Daktari aliyesimama pembeni ya kitanda cha namna hiyo akisikia kwamba kuna mtu anauza antibayotiki kama karanga, hasira yake ina sababu. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2019 yaliweka vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kuwa milioni 1.27, na ukanda ulioelemewa zaidi kwa kiwango cha idadi ya watu ulikuwa Afrika Magharibi.

Tena kuna madhara ya haraka zaidi ya usugu. Mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki tatu akipewa siprofloksasini anaweza kupata nafuu ya muda huku kifua kikuu kikiendelea, kwa sababu dawa za familia hiyo zinawagusa na bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Anakuja kugundulika baadaye, akiwa ameshakohoa kwenye daladala na nyumbani kwa miezi. Doksisaiklini akipewa mjamzito, meno na mifupa ya mtoto tumboni inaguswa. Septrini kwa mtu ambaye mwili wake hauivumilii inaweza kumbabua ngozi hadi midomo na macho. Swali moja tu, "umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya dawa yoyote?", linachukua sekunde kumi, na ni kweli kwamba kaunta nyingi haliulizwi. Hapo sina ubishi nao hata kidogo.

Ninapoachana nao ni kwenye imani kwamba cheti ndicho kinachozuia hayo.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliohusisha vituo 40 vya afya ya msingi katika mikoa ya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo viliachwa viendelee na utaratibu wa siku zote. Vingine vilipewa kishikwambi chenye programu inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, kipimo cha damu cha CRP kinachosaidia kutenganisha maambukizi mazito na mepesi, kipimo cha wingi wa damu, pamoja na usimamizi wa karibu. Katika vituo vya utaratibu wa siku zote, watoto wagonjwa 70.1 katika kila mia walitoka chumba cha mhudumu wakiwa wameandikiwa antibayotiki. Katika vituo vyenye kishikwambi walikuwa 23.2.

Namba hii ya 70.1 haifai kupitwa haraka. Iweke karibu na nyingine, ya utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara uliochapishwa 2014, ambao watafiti walichukua watoto 1,005 wenye homa chini ya miaka kumi wakawapima kila kinachopimika: damu, pua, koo, mkojo, picha za kifua. Waliokutwa na ugonjwa wa virusi walikuwa asilimia 70.5. Wenye ugonjwa wa bakteria, asilimia 22. Makundi hayo mawili ya watoto si yale yale, umri haulingani, miaka imepishana, na wa 2014 walichaguliwa kwa kuwa na homa. Anayezilinganisha moja kwa moja kama mizani ya sokoni atakosea. Lakini hata ukizipunguza na kuziongeza upendavyo, unabaki na sura ile ile: sehemu ya watoto wanaopewa antibayotiki kwa utaratibu wa kawaida inafanana na sehemu ya watoto wasio na haja nayo, na mara chombo kizuri kinapowekwa mezani, idadi inashuka hadi jirani na wale wenye bakteria kweli. Na hawakupungukiwa kitu: walioandikiwa kidogo hawakushindwa kupona kuliko wenzao.

Hao wote walikuwa na cheti. Walipanga foleni, wakaonwa na mtu mwenye leseni, mkononi wakapewa karatasi. Sheria inayodai "hakuna antibayotiki bila cheti" ilitimizwa kwa asilimia mia, na bado antibayotiki zilimwagika. Ungeweza kuyafunga maduka yote ya dawa ya Mbeya na Morogoro na 70.1 isingesogea.

Ndiyo maana namwonea huruma mtoa dawa. Analaumiwa kwa kufanya bila karatasi kile ambacho chumba cha jirani kinafanya kwa karatasi, na kwa sababu zile zile. Mhudumu wa zahanati, ambaye kijijini mara nyingi ni tabibu, tabibu msaidizi au muuguzi na si daktari, ana foleni ya watu mpaka mlangoni, hana maabara ya kumwambia kama ni virusi au bakteria, na anaogopa mtoto asije akazidiwa usiku kijiji kikasema "alimpeleka, wakamrudisha bure". Kipimo cha haraka cha malaria kilipoingia kilionyesha jambo hili waziwazi. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi kadhaa, Tanzania na Uganda zikiwemo, uliochapishwa 2017, ulikuta wagonjwa waliopimwa na kuonekana hawana malaria waliandikiwa antibayotiki asilimia 69, na waliokutwa nayo asilimia 40. Kipimo kilimnyima mhudumu dawa mseto ya kutoa, naye akatoa kitu kingine. Mkono uliozoea kutoa hautaki kurudi mtupu. Muuza duka naye ana mkono huo huo, tofauti ni kwamba yeye anaingiza na faida ndogo juu yake.

Kuna na upande wa kukosa, ambao kwenye matamko ya kitaaluma hupewa sentensi moja ya heshima kisha ukaachwa. Makadirio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba kama antibayotiki zingefika kwa kila mtoto anayezihitaji katika nchi 101, vifo 445,000 vya nimonia vya watoto chini ya miaka mitano vingeweza kuepukwa. Hawa ni watoto waliokosa kapsuli za bei ndogo kuliko soda, siyo waliozila ovyo. Nimonia ya mtoto haisubiri Jumatatu. Asubuhi anapumua haraka, jioni kifua kinabonyea ndani kila akivuta hewa, usiku hanyonyi. Kama zahanati imefungwa saa tisa alasiri na kituo cha afya kiko umbali wa bodaboda ambayo nauli yake haipo, kilicho wazi saa mbili usiku ni duka la dawa.

Tanzania iliwahi kuliona hili na kulifanyia kazi, na ni ajabu jinsi linavyosahaulika katika mabishano ya sasa. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, mamlaka ya dawa ya wakati huo, TFDA, na washirika wake walianza kuyageuza yale maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu. Zamani duka la dawa baridi kisheria liliruhusiwa panadoli na wenzake, na kiuhalisia liliuza kila kitu, kwa siri, na muuzaji ambaye huenda hakufundishwa lolote. Mpango mpya ulikubali ukweli: mtoa dawa afundishwe kwa wiki kadhaa, wengi wao wakiwa wauguzi wasaidizi; duka liwe na dari, rafu, daftari na kibali; na liruhusiwe orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo amoksilini, kotrimoksazoli (ndiyo septrini), doksisaiklini, erithromaisini na metronidazoli. Hakuna aliyesema kwamba hilo ni hospitali. Walichosema ni kwamba biashara iliyokuwa gizani iwekwe kwenye mwanga ili iweze kurekebishwa. Utaratibu huo ulienea nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika, Uganda na Liberia zikiwemo, zikaja kuiga.

Watetezi wa cheti wana mfano wanaoupenda wa Mexico, na ni mfano mzuri ukisomwa mpaka mwisho. Mwaka 2010 serikali ya huko ilianza kusimamia kwa ukali sheria iliyokuwepo siku nyingi: duka la dawa lisitoe antibayotiki pasipo cheti, na cheti kiandikwe kwenye kumbukumbu. Mauzo yakashuka. Lakini maduka nayo yakachukua hatua. Vyumba vya daktari vilivyobandikwa ubavuni mwa duka la dawa, ambavyo vilikuwepo kabla, vikaongezeka kwa maelfu. Unaingia mlango wa kushoto, daktari anakuona kwa fedha kidogo au bure, anakupa cheti, unatokea mlango wa kulia kununua. Cheti kimepatikana, sheria imeridhika. Anayeijua Kariakoo au River Road hahitaji kuelezwa sheria kama hiyo ingezaa nini huku, na kwa kweli vyumba vya namna hiyo tayari tunavyo.

Uingereza, ambako hakuna mtu anayeweza kudai kwamba madaktari hawaheshimiwi, imekwenda njia nyingine. Tangu 31 Januari 2024, mfamasia wa duka la dawa England anaweza kumpa mgonjwa antibayotiki bila cheti cha daktari kwa magonjwa machache yaliyotajwa: koo, sikio, maambukizi ya njia ya mkojo yasiyo na utata kwa wanawake, ngozi iliyoambukizwa na mengine, saba kwa jumla, mojawapo likitibiwa kwa dawa ya virusi. Anafuata mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua. Mwanamke wa miaka 16 hadi 64 mwenye dalili zinazotosha za mkojo anapewa nitrofurantoini ya siku tatu. Mjamzito, mwenye homa na maumivu ya mgongo, au anayerudiwa mara kwa mara, anapelekwa kwa daktari. Mfamasia wa England ana digrii na usajili, mtoa dawa wetu ana wiki kadhaa za darasani. Tofauti hiyo ni kubwa na simfichi mtu. Ninachokiona pale ni kwamba usalama umewekwa kwenye maswali yanayoulizwa na dozi inayotoka, na karatasi ya daktari haikuwa sharti.

Turudi kaunta ya kwetu, kwenye kitu kinachoitwa nusu dozi. Mtu mzima mwenye nimonia isiyo kali akitumia amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku tano, kwa kapsuli za 250 anahitaji 30. Ana shilingi za kununua kumi. Mtoa dawa anachukua mkasi, anakata karatasi ya kapsuli, anampa kumi kwenye bahasha. Sehemu yenye tarehe ya kuisha na namba ya toleo imebaki kwenye kipande kingine. Mteja anasema atarudi kumalizia. Siku ya pili homa imeshuka, harudi. Hili ndilo jambo baya kuliko yote yanayotokea pale, na cheti hakiligusi hata chembe, kwa sababu mwenye cheti naye anakatiwa. "Dawa hakuna, kanunue nje," anaambiwa zahanati, anafika dukani na karatasi iliyoandikwa vizuri kabisa, anauliza bei, anaomba za siku mbili.

Dawa ya tatizo hilo tunayo, na ipo kwenye rafu ile ile. Ni dawa mseto ya malaria. Paketi zake zimetengenezwa kwa uzito: vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, kisha 12, 18, na 24 kwa mwenye kilo 35 na kuendelea. Paketi ndiyo dozi. Mteja anajua hivyo, muuzaji anajua hivyo, na kuomba "nusu mseto" kunasikika kama kuomba nusu ya kiatu. Amoksilini ya watoto ya vidonge vya kuyeyusha, miligramu 250, inakaribia kuwa hivyo bila mtu kutangaza. Inapofungashwa kumi kwa karatasi, mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 anahitaji kidonge kimoja mara mbili kwa siku tano: karatasi moja. Wa kilo 10 hadi chini ya 14, vidonge viwili mara mbili: karatasi mbili. Wa kilo 14 hadi 19, vitatu mara mbili: karatasi tatu. Hakuna maji ya kuchemsha na kupooza, hakuna kuongeza maji mpaka alama kisha povu likashuka na kugundua hayakufika, hakuna kijiko cha chai kinachobeba mililita tatu badala ya tano, hakuna chupa inayoharibika baada ya wiki kwenye nyumba ya bati. Unaweka kidonge kwenye kijiko chenye maji au maziwa ya mama, kinasambaa, mtoto anameza. Laiti nguvu ya kupiga kelele kuhusu vyeti ingetumika kuziondoa zile chupa za 125 kaunta zote na kuweka karatasi hizi badala yake.

Na kuhesabu pumzi kunafundishika. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii. Nguo ifunuliwe tumbo na kifua vionekane. Hesabu dakika nzima kwa saa, siyo sekunde 15 uzidishe mara nne, maana mtoto mdogo hupumua kwa mafungu na makosa yako utayazidisha pia. Miezi miwili mpaka kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, 40 au zaidi. Asipofikia hapo na kifua hakibonyei, ni kikohozi na mafua. Hakuna antibayotiki, na hapo mtoa dawa anahitaji maneno ya kumpa mama mkono usiwe mtupu: maji mengi, kunyonyesha zaidi, na dalili za kumrudisha. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa degedege, aliyelegea haamki vizuri: huyo hauziwi kitu, anatafutiwa usafiri. Aliye chini ya miezi miwili naye vivyo hivyo, hata akionekana mzima.

Swali ambalo madaktari wanastahili kuliuliza hapa ni hili: nani atahakikisha anahesabu kweli, na si kuandika 52 kwenye daftari ili auze? Ni swali gumu, kwa sababu mtoa dawa anakula kwa kuuza. Mara nyingi mwenye duka ni mtu mwingine, anayefika jioni kuangalia mauzo na siyo daftari la pumzi. Majibu yapo nusunusu: bei ya paketi iwe na faida ndogo na ya wazi, zahanati ya karibu iwe inapitia daftari kila mwezi, na duka linaloandika nimonia kwa kila mtoto aliyekohoa lionekane kwenye takwimu hizo hizo. Udanganyifu utakuwepo. Lakini ni udanganyifu unaoacha alama. Baada ya msako wa maduka yanayouza bila cheti, kinachobaki ni dawa chini ya meza. Daftari linafungwa, ushauri unakwisha kwa sababu muuzaji anataka mteja aondoke haraka, na anayekataliwa anakwenda kwa mwenye begi mnadani ambaye hajawahi kukaguliwa na yeyote.

Kuna eneo moja ambalo ningewapa madaktari ukali wote wanaoutaka, na zaidi. WHO tangu 2017 imezigawa antibayotiki katika makundi: za Upatikanaji, za Tahadhari na za Akiba. Amoksilini, doksisaiklini, kotrimoksazoli na metronidazoli ziko kundi la kwanza. Azithromaisini, siprofloksasini, seftriaksoni, hata ile erithromaisini ya kwenye orodha ya duka la dawa muhimu, ziko la Tahadhari. Tamko la Umoja wa Mataifa la Septemba 2024 limeweka lengo kwamba angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza ifikapo 2030. Sasa tembea mtaani uone vidonge vitatu vya azithromaisini vinavyouzwa kwa kijana aliyeng'atwa na aibu ya ugonjwa wa zinaa, bila mwenzi wake kutajwa. Angalia siprofloksasini inavyotolewa kwa kila "taifodi" iliyopimwa kwa kipimo cha Widal kisichoaminika. Angalia seftriaksoni ya sindano, dawa ya mgonjwa mahututi, inavyochomwa kila siku kwa siku tano kwa mtu anayetembea mwenyewe, mara nyingi kwenye zahanati yenye leseni na kwa cheti halali. Hapo cheti kiwe cheti kweli: kibaki dukani, kiandikwe sababu, kihesabiwe mwisho wa mwezi, na aliyekiandika aulizwe sawa na aliyetoa dawa. Nitaamini kwamba vyama vya madaktari vina nia siku vitakapodai hicho kipande cha mwisho kwa sauti ile ile vinayotumia kuwasema wauza dawa.

Kuziweka amoksilini na seftriaksoni chini ya sentensi moja, "hakuna antibayotiki bila cheti", kunafanya sheria isitekelezeke kwa ya kwanza, na kwa hiyo isiogopwe kwa ya pili. Mkaguzi anayejua kwamba akifunga kila duka lililouza amoksilini wilaya nzima itabaki bila duka, anafumba macho. Akishazoea kufumba, seftriaksoni inapita hapo hapo.

Mgawanyo huu ukifuatwa, duka la dawa muhimu litahitaji vitu vichache ambavyo mengi leo hayana. Saa yenye mshale wa sekunde. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, chenye saizi ya mtoto, maana cha mtu mzima kwenye kidole cha miezi minane kinatoa namba za kubahatisha. Karatasi za amoksilini za kumi kumi, na chupa ziondoke. Na mizani. Mpaka wa karatasi moja na mbili ni kilo 10, wa mbili na tatu ni kilo 14, na mtoto aliyedumaa kidogo mwenye miaka mitatu anaweza kuwa na kilo 11 huku umri wake ukimwambia mtoa dawa ampe karatasi tatu.